Kiwanja cha awamu Kisesa: nilivyohudumiwa na kampuni ya viwanja nikiwa kazini siku sita kwa wiki

Hati niliishika mkononi Ijumaa moja ya Novemba 2025, saa tisa na nusu alasiri. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya nusu siku, nimetoka kiwandani mbio, na nikiwa kwenye kiti cha ile ofisi nilijisikia mwenyewe nanuka sangara. Dada wa mapokezi hakukunja uso. Alinipa kalamu, akanionyesha pa kusaini, akasema, "Hongera dada, hii sasa ni yako." Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi, nikaisoma hati yote mwanzo hadi mwisho, pamoja na yale masharti ya maandishi madogo ambayo nadhani wengi hawayasomi.

Nimesubiri ifike mkononi ndipo niandike. Mtu ukiandika baada ya kulipa kianzio utasifia, kwa sababu una furaha. Ukiandika katikati, wakati simu hazipokelewi, utalaani. Mimi nimepita hatua zote, kuanzia kianzio cha Machi 2024 mpaka hati, na jina la kampuni siliandiki. Nitaeleza huduma ilivyokuwa, nzuri na mbaya, kwa ajili ya mtu wa aina yangu, yaani mwajiriwa anayeanza kujinunulia ardhi kwa mshahara, na muda wake wote ni wa mwajiri.

Kazi yangu ni ukaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Zamu inaanza saa moja asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Ndani ya eneo la uzalishaji simu hairuhusiwi, inabaki kwenye kabati. Nalitaja hili mapema kwa sababu limekuwa kiini cha kila tatizo nililopata. Kwa mwaka nina likizo ya siku 28 kama sheria ya kazi inavyosema, na siku hizo nazigawa kwa mama yangu, misiba, na mambo ya shule ya mdogo wangu. Kwa hiyo kwangu kiwanja kina bei mbili: shilingi, na siku za likizo. Ya pili hakuna tangazo linaloiandika.

Kwanza niseme kwa nini sikununua kwa mwenyeji moja kwa moja, maana ndiyo njia ya wengi na ni nafuu. Mjomba wangu alinunua hivyo mwaka 2018, upande wa Kayenze, kiwanja kinachotazama ziwa. Mahali pazuri kuliko maelezo. Asubuhi unaona mitumbwi ya dagaa inarudi na karabai zake bado zinawaka. Aliandikishana na muuzaji kwenye karatasi, mashahidi wakasaini, mhuri ukagongwa, akaweka uzio wa miti. Mwaka 2020 ziwa lilipanda, maji yakafika kwenye uzio, kisha yakaupita. Alipokwenda kuuliza habari za kupimiwa ndipo akaambiwa kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Karibu kiwanja chote kilikuwa ndani ya hizo mita 60. Muuzaji alikwishahama, na pesa ilikwishaliwa. Masika ya 2024 maji yalipanda tena. Mjomba alinipigia simu siku hiyo, hakuzungumzia kiwanja hata kidogo, aliniuliza tu kama nimekula. Nilielewa.

Kwa hiyo nilipoanza kudunduliza nilikuwa na sharti moja: kiwanja kiwe kimepimwa, kina namba, na kipo mbali na maji.

Kampuni niliyoichagua inanunua mashamba, inayapanga na kuyapima, kisha inauza viwanja kwa awamu. Niliona bei ya Kisesa, wilaya ya Magu, barabara ya Musoma, chini ya kilomita 20 kutoka mjini kati. Mita za mraba 600, shilingi 9,000 kwa mita, jumla 5,400,000. Kianzio asilimia 30, sawa na 1,620,000, na kinachobaki kugawanywa miezi 12, yaani 315,000 kwa mwezi. Mshahara wangu baada ya makato ni laki nane na kidogo, naishi na mdogo wangu Igoma. Inabana ila inawezekana.

Ofisini walinipokea vizuri, hilo siwanyimi. Kijana wa mauzo alinitandikia ramani mezani, akanionyesha barabara, eneo la wazi, eneo la shule. Nilipomuuliza kwa nini nichague Kisesa, akaniambia habari za daraja. Daraja la Kigongo–Busisi likifunguliwa, bei itapanda mara mbili, dada yangu usichelewe.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu maneno haya kila muuzaji wa ardhi Mwanza alikuwa nayo mdomoni, na bado anayo. Daraja lilifunguliwa kweli, Juni 2025, kilomita tatu juu ya ziwa kati ya Misungwi na Sengerema, na anayekumbuka foleni za kivuko pale anajua ni ukombozi wa aina gani. Lakini daraja lipo upande wa Usagara. Kisesa ni upande mwingine wa mji. Kinachoziunganisha ni barabara ya mchepuo ya Usagara–Kisesa, na kinachopita kwenye mchepuo ni malori na mabasi yasiyotaka kuingia mjini. Lori likipita mbele ya kiwanja chako halilipi kodi ya nyumba. Vilevile walinitajia reli ya SGR ya Mwanza–Isaka, ambayo nayo inapita kwa Misungwi. Kama unataka faida ya daraja na reli, nenda Usagara, Fela, Misungwi huko, ukaulizie bei ya huko. Usilipie daraja ukiwa Kisesa.

Mimi nilichagua Kisesa kwa sababu nyingine, na niliitafuta kwa miguu. Jumapili mbili nilishuka daladala sokoni, nikatembea hadi kuelekea Bujora, nikiuliza vyumba vya kupanga kama mtu anayetafuta. Nilitaka kujua nani anapanga na analipa nini. Nikakuta walimu, wahudumu wa afya, vijana wanaofanya kazi mjini wamekimbia kodi za Nyasaka na Buswelu. Chumba na sebule chenye choo ndani na umeme niliambiwa 70,000 hadi 80,000, kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Vyumba vya choo cha nje vilikuwa vitupu vingi. Hilo lilinifundisha kuliko ramani yoyote.

Sasa mkataba. Waliniambia nisome palepale nisaini. Niliomba niende nao nyumbani, wakakubali bila kununa, na hii ni alama yao ya kwanza nzuri. Wakili niliyempelekea alinitoza laki moja. Aliweka kidole kwenye kifungu kilichosema nikiruka miezi miwili kiwanja kinarudi kwao na wanakata asilimia 40 ya nilicholipa. "Huyu si mkopeshaji, huyu ni muuzaji," aliniambia, "kwa nini akukamate hivi?" Tuliomba iwe miezi mitatu, kwa notisi ya maandishi, na makato asilimia 15. Nilitegemea wakatae. Meneja alisoma, akafikiri, akakubali, akagonga mhuri kwenye marekebisho. Ninyi mnaosaini palepale kwenye ule mkutano wa ofa wenye soda na keki, jueni kwamba kifungu kinabadilika ukiomba.

Kabla ya kulipa kianzio nilitumia siku yangu ya kwanza ya likizo kwenda ofisi ya ardhi ya halmashauri. Watu huambiana "fanya upekuzi," yaani kagua rekodi za umiliki, na ni kweli, lakini upekuzi kwa Msajili wa Hati unafaa kwa kiwanja chenye hati tayari. Changu kilikuwa kimepimwa tu. Swali langu lilikuwa jingine: ramani ya upimaji imeidhinishwa, na namba hii ya kiwanja kwenye kitalu hiki ipo ndani yake? Afisa aliitafuta, akanionyesha kwa kidole, akaniambia ipo na matumizi yake ni makazi. Dakika 20. Nauli na siku nzima, kwa dakika 20 ambazo ningelia maisha yangu yote kama nisingezipata.

Saiti ndipo palipo na habari ndefu.

Gari ya kampuni inapeleka wateja Jumamosi saa nne asubuhi. Sisi wa kiwandani Jumamosi tupo zamu. Niliomba Jumapili, wakasema dereva hapumziki siku nyingine. Sikuwalaumu kwa dereva kupumzika, ila ukiuza viwanja kwa awamu, wateja wako wengi ni waajiriwa, na mwajiriwa ana Jumapili. Mwishowe kijana wa mauzo alikuja mwenyewe kwa bodaboda Jumapili baada ya ibada, kwa hiari yake. Akanionyesha kiwanja akiwa amesimama barabarani. "Kutoka pale kwenye jiwe, mpaka kwenye ule mti, mpaka huku."

Jiwe lenyewe lilikuwa jabali lenye ukubwa wa daladala, limekaa kwenye kona ya nyuma. Mwanza hakuna asiyejua mawe, lakini kwenye karatasi jiwe halionekani. Ramani imenyooka, mistari imenyooka, wala hakuna aliyechora jabali. Nikauliza, na hili lina punguzo? Hakuna. Nikahesabu mita za mraba zilizoliwa na jiwe, zikafika kama 15 hivi, nikasema sawa, nitajua la kufanya.

Nilimlipa mpima aliyesajiliwa, asiye wa kampuni, 150,000 aje na kifaa chake Jumapili iliyofuata. Wenzangu kazini walinicheka, kiwanja kimepimwa tayari unapima nini tena? Tulikuwa watatu: mimi, mpima, na kijana wake mwenye jembe. Alikuwa na nakala ya ramani yenye namba za bikoni, yaani alama za kona za kiwanja. Ya kwanza ilikuwa wazi, kibonge cha zege kimechungulia juu ya ardhi, nondo katikati, namba imechorwa inasomeka. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa chini ya majani, kijana akaigonga na jembe ikalia, tukafyeka. Ya nne tuliiona kwa urahisi mno, imesimama vizuri kwenye kona ya mbele. Mpima akaweka kifaa juu yake, akasubiri, akatazama kioo, akasogea, akasubiri tena. Kisha akachukua utepe, akapima kutoka ile bikoni kuelekea upande wa jirani, akachomeka kijiti ardhini.

"Dada, bikoni yako inapaswa kuwa hapa."

Mita mbili na sentimita 40.

Kulikuwa na mama mmoja anapalilia mihogo ng'ambo ya barabara, amekaa hapo tangu enzi za shamba. Alikuwa anatutazama muda wote. Nikamwendea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwangaluka."

"Mwangaluka mama. Samahani, hii bikoni ya hapa mbele, unajua habari yake?"

Akaegemea jembe. "Hiyo greda liliing'oa walipokuwa wanafungua barabara. Ikalala hapo siku mbili tatu. Akaja kijana, akairudishia kwa macho tu, akachimba akaichomeka. Nilimwambia, mbona haikuwa hapo? Akasema bibi wewe palilia mihogo yako."

Hesabu ni hii. Kiwanja ni mita 20 kwa 30. Kona moja ya mbele ikiingia ndani mita 2.4, mpaka wa pembeni unakata kwa mshazari kwenda nyuma, na unapoteza pembetatu ya mita za mraba 36. Kwa 9,000 kila moja, ni 324,000. Mpima alinigharimu 150,000. Na siyo pesa tu. Jirani angejenga ukuta wake kwenye bikoni ile kwa nia njema kabisa, halafu miaka kumi mbele mimi na yeye tungeburuzana kwenye baraza la ardhi kwa kosa la greda.

Nilipiga picha, mpima akaandika barua fupi yenye vipimo, nikapeleka ofisini. Hapa kampuni ilinionyesha sura zake mbili kwa wakati mmoja. Sura nzuri ni kwamba hawakubisha. Mkuu wao wa upimaji alisoma vipimo, akasema tutarudisha kwa gharama zetu, na wakarudisha kweli, mpima wangu akathibitisha baadaye. Sura nyingine ni kwamba walichagua Jumatano saa tano asubuhi, na taarifa yenyewe waliitoa kwa simu, Jumatano hiyohiyo saa tatu. Simu yangu ipo kabatini. Nikaona saa saba mchana nilipokwenda kula: simu nne zisizopokelewa. Bahati mdogo wangu alikuwa na namba zao akaenda yeye, ameketi kwenye jabali anarekodi video mpaka wanamaliza.

Tatizo hilo la simu lilijirudia miezi yote. Kampuni ina utaratibu kwamba mteja anapigiwa, asipopokea mara tatu faili linawekwa pembeni mpaka aje mwenyewe. Kwa mfanyabiashara mwenye duka lake Makoroboi utaratibu huo hauna shida, simu ipo mfukoni. Kwa nesi aliye wodini, mwalimu aliye darasani, dereva aliye barabarani, na sisi wa minofu, ni sawa na kufungiwa mlango. Niliandika barua nikiomba mambo yote yaje kwa ujumbe wa WhatsApp na nijibu ndani ya siku moja. Walikubali katika mwezi wa nne tangu nipeleke barua, na kuanzia hapo mambo yalikwenda. Ningekuwa meneja wao, ningemuuliza kila mteja siku ya kwanza: unafanya kazi gani, na unapatikana saa ngapi? Swali hilo moja lingeokoa ugomvi mwingi.

Malipo yenyewe sina malalamiko. Yote benki, kila mwezi stakabadhi, na mwisho wa mwezi ujumbe unaokuonyesha umelipa kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Oktoba 2024 samaki walikuwa haba, zamu zikapunguzwa, mshahara ukashuka. Niliwaandikia kabla ya tarehe ya kulipa, siyo baada. Wakanigawia ile 315,000 kwenye miezi miwili iliyofuata bila adhabu. Sikugusa mkopo. Saccos ya kazini ilikuwa tayari kunipa, lakini makato ya mkopo juu ya awamu ya kiwanja yangeniacha sina cha kula, na nimeona wenzangu walioshika vyote viwili wakaishia kuuza kiwanja kwa hasara ili walipe mkopo uliokinunua.

Awamu ya mwisho nililipa Machi 2025. Mkataba unasema hati ndani ya siku 90. Juni ikaisha. Julai nikaambiwa ipo wizarani. Agosti nikaambiwa ipo wizarani. Nikatumia siku ya likizo kwenda kuuliza ofisi ya ardhi mwenyewe, na pale nikaambiwa kwa upole kwamba faili la kiwanja hicho halijawasilishwa. Halikuwa limekwama kwao, halikuwa limefika. Nilirudi mjini na daladala ya saa nane nikaingia ofisi ya kampuni nikiwa nimetulia kabisa, maana hasira yote nilikuwa nimeimaliza njiani. Nikamwambia meneja: mlinidanganya miezi miwili. Hakukana. Alisema huwa wanasubiri wateja wafike kumi ndipo wapeleke mafaili pamoja, ili waokoe safari. Wiki iliyofuata langu lilipelekwa peke yake.

Kwa hili nawapa alama mbovu kuliko yote. Mtu aliyelipa kwa miezi 12 bila kuvunja makubaliano anastahili kuambiwa ukweli hata kama ni mchungu. Na kama nisingekwenda mwenyewe, sijui ningesubiri wateja wangapi.

Jambo jingine waliloliweka kwa maandishi madogo: bei ya kiwanja si bei ya hati. Maandalizi ya hati, usajili, ushuru wa stempu na pango la ardhi la mwanzo vilinifikia 385,000. Ukijumlisha na wakili na mpima, kiwanja cha 5,400,000 kimenisimamia 6,035,000 bila nauli. Siku za likizo zilikuwa nne na nusu.

Hati yangu ni ya miaka 99, matumizi makazi. Kwenye yale masharti ya maandishi madogo kuna la kujenga ndani ya miezi 36. Kijana wa mauzo alikuwa ameniambia, "Nunua ukiache, ardhi haiozi." Ardhi haiozi, lakini imetolewa kwako ili uiendeleze. Katika nchi yetu ardhi yote ni ya umma na wewe unapewa haki ya kuitumia. Pango la ardhi nalo linakuja kila mwaka, umejenga hujajenga. Anayenunua viwanja vitano kwa mkupuo akisubiri bei ipande, akaachia majani na nyoka, ajue anashikilia na madeni matano.

Mpango wangu ni nyumba ndogo ya pande mbili, kila upande chumba, sebule na choo ndani. Fundi amenikadiria milioni 16 hadi kuhamia, kwa hatua. Wapangaji wawili kwa 80,000 ni 1,920,000 kwa mwaka kama hakuna mwezi mtupu. Gawanya: ardhi na nyumba milioni 22, ni zaidi ya miaka 11 pesa kurudi, kabla ya kupaka rangi, kabla ya bomba kupasuka, na kodi ya majengo ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Nimeambiwa na watu wengi kwamba nyumba ya kupangisha "inajilipa miaka mitatu." Nimewaomba wanionyeshe hesabu, bado nasubiri. Kwangu inafaa hata kwa miaka 11, kwa sababu nitakuwa na miaka 47, mikono yangu itakuwa imechoka na maji ya barafu, na nitakuwa na kitu kinachoingiza bila mimi kusimama. Lakini ni vizuri ujue namba kabla ya kuingia, siyo baada ya kuwa na pagale.

Lile jabali nililitafutia wapasuaji. Waliliwashia moto wa magogo usiku kucha, asubuhi wakamwaga maji, likapasuka kwa mlio uliomtoa mama wa mihogo nje ya nyumba yake. Wamelipondaponda siku sita. Mawe yote yamebaki hapohapo, na fundi anasema yanatosha msingi wa nyumba nzima na kidogo cha ngazi. Mama ameomba kokoto za kuweka mlangoni kwake, nimempa.

Je, nitanunua tena kwao? Ndiyo, kwa masharti yangu. Viwanja vyao ni halali, risiti zao ni safi, mkataba wao unakubali kurekebishwa, na walipokosea kwenye bikoni walirekebisha. Kwenye mawasiliano na kwenye hati nimeshawaeleza uso kwa uso kila nilichoandika hapa, na meneja aliandika kwenye daftari. Nimeona wameanza kupeleka wateja saiti Jumapili moja kwa mwezi.

Kiwanja cha nyuma yangu, pale jabali lilipoishia, bado hakijauzwa. Mdogo wangu ameanza kazi mwaka huu na anakitaka. Jumamosi iliyopita nimempa namba mbili za simu, na nimemwambia ampigie mpima kwanza.